Ndege ya zamani uliyoipanda na hujaisahau mpaka leo (wazee wa dirishani karibuni)

#1 Bawa la Kushoto

Wakuu, habari za muda.

Juzi nilikuwa napanga vitu vya marehemu baba nikakutana na bahasha ya picha. Moja ni mimi nimesimama mbele ya ndege, kaptula imefika magotini, mkono umekinga jua. Nyuma yake kaandika mwaka tu, 1978. Nilikuwa na miaka sita. Toka siku hiyo kichwani kwangu ndege zinatua na kuruka, nikaona nisiumie peke yangu.

Ilikuwa safari ya kuunganisha, na mguu huo wa pili tulipanda Boeing 727. Injini tatu, zote mkiani: moja kila ubavu na ya tatu imezama kwenye shina la mkia. Tulipewa viti vinavyotazamana kama vya behewa la treni. Mimi na baba tunatazama nyuma, mama na dada wanatazama mbele. Ikaanza kukimbia. Ikakimbia, ikakimbia, mpaka nikamuuliza baba kama tunakwenda kwa barabara. Ilipoinua pua nikajikuta naning'inia kwenye mkanda, dada yuko chini yangu, kiti kimemmeza, ananitolea ulimi.

Sasa kushuka. Bado tuko juu, nyumba chini ni kama njiti za kiberiti, mara injini zikapiga ule mngurumo wa baada ya kutua, ule wa kukamata breki. Ndege ikaanza kutetemeka na kuzama kama ndoo kisimani. Baba alicheka. Mimi sikuogopa hata kidogo, nakumbuka vizuri kabisa.

Miaka yote hii mtu akitaja 727 najisogeza karibu. Haya, leteni zenu. Masharti mawili: uwe umeipanda kweli, na utupe kitu ambacho aliyebaki chini hawezi kukijua.

#2 Siti 24A

Mkanda nimefunga, dirisha nimefungua. Tiririkeni.

#3 Pangaboi

Nyie endeleeni na majeti yenu, mimi nabaki na Fokker F27 Friendship.

Bawa la F27 liko juu ya kichwa chako, kwa hiyo dirishani hakuna kinachokuziba, na dirisha lenyewe ni la mviringo, kubwa, mtoto anaweza kuweka uso mzima. Viti vilivyo usawa wa injini watu walivikwepa kwa sababu ya kelele. Mimi ndivyo nilivyovikimbilia. Pale unaona kila kitu. Ndege ikikaribia kutua, milango midogo inafunguka chini ya injini, mguu mwembamba mrefu kama wa korongo unashuka, unasita kidogo, unajinyoosha na kujifunga. Tairi linaning'inia, halizunguki, unaweza kuhesabu mifereji yake. Lami inakuja, inakuja, tairi linagusa, moshi kidogo, na papo hapo ile mifereji inapotea kwa kasi. Hakuna sinema iliyowahi kunipa raha ile, na nilikuwa naipata mita mbili kutoka kwenye pua yangu.

Halafu mlio. Injini ya Rolls-Royce Dart ilikuwa inapiga mluzi, tena mluzi wa kutoboa sikio. Ni injini ileile iliyokuwa kwenye Vickers Viscount, ile iliyoruka mara ya kwanza 1948, ya kwanza ya turbopropu (jeti inayozungusha pangaboi) kubeba abiria kwa ratiba. Ukisimama karibu nayo ikiwa chini unaziba masikio, lakini humo ndani, ikishafika juu, unalala.

DC-3 nayo nimeipanda mara moja, ya kikundi cha watu wanaohifadhi ndege za zamani. Gurudumu lake dogo liko chini ya mkia, hivyo ikiwa imesimama sakafu ni kilima. Unaingia kwa mlango wa nyuma, kisha unapanda kwenda kwenye kiti huku umeshika migongo ya viti vya wenzako. Injini zinawaka kwa kukohoa, moja moja, silinda 14 kila upande, moshi mweupe unapita dirishani, unasema hii imeharibika, kumbe ndiyo afya yake. Raha yenyewe iko kwenye kuruka: kabla hamjaacha ardhi mkia unanyanyuka kwanza, na ile sakafu ya kilima inakuwa tambarare chini ya miguu yako huku magurudumu ya mbele bado yanakimbia. Ndege iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1935, na bado inakufanya utabasamu kama mjinga.

#4 Siti 24A

Pangaboi umemaliza. Mimi kiti cha usawa wa injini nilikuwa naona adhabu.

#5 Kiti cha Tatu

Jina langu linajieleza. Kabla kompyuta hazijatunyang'anya kazi, chumba cha marubani kilikuwa na watu watatu. Wawili wanatazama mbele. Wa tatu, injinia wa ndege, amekaa ubavu akitazama ukuta wa saa na swichi kuanzia magotini hadi juu ya kichwa. Nimeukalia ukuta huo kwenye 707 na baadaye 727, kwa hiyo mandhari niliyoyaona mimi angani ni mishale ya mafuta. Dirisha nililipata nikiwa abiria.

707 watu wanaisifu kwa uzuri, na kweli ni nzuri. Pan Am waliianza New York kwenda Paris tarehe 26 Oktoba 1958 na toka hapo meli za abiria za kuvuka Atlantiki zikaanza kuhesabu siku. Matoleo ya mwanzo, wakati wa kuruka, injini zilikuwa zinapuliziwa maji ili zipate nguvu zaidi. Matokeo yake ni moshi mweusi wa kutia kinyaa na kelele ambayo majirani wa uwanja hawakuisamehe. Abiria hawakujua. Wao waliona tu kiti kinawasukuma mgongoni.

Sasa 727. Ukitaka kuijua, kaa nyuma kidogo ya bawa wakati wa kushuka. Flapu zake, vile vipande vinavyotoka nyuma ya bawa, zina mapengo matatu, na zikitoka zote bawa linafumuka kama mkeka unaofunguliwa nyuzi. Katikati ya vipande unaona ardhi. Abiria mgeni alikuwa anamwita mhudumu: dada, bawa linaachia!

Kwa hiyo mkuu Bawa la Kushoto, nina swali la kizee tu. Mlipofika mlishuka kwa mlango upi? Nauliza kwa sababu 727 ina ngazi yake yenyewe chini ya mkia, na viwanja vingi waliitumia. Mtoto wa miaka sita akishuka kwa ngazi inayotoka tumboni mwa ndege, juu yake injini bado inapoa na kutikatika, hasahau. Wewe hukuitaja.

#6 Kisanduku Cheusi

Ngazi hiyo hiyo ndiyo yule mtekaji anayejulikana kama D. B. Cooper aliifungua angani usiku wa 24 Novemba 1971, akaruka na parachuti na hajaonekana tena. Baada yake 727 zikawekewa kibamba kidogo pembeni ya ngazi: upepo wa mwendo unakizungusha, kinaizuia ngazi isifunguke mpaka ndege isimame. Kifaa chenyewe kina jina lake. Mtu ameiba ndege kwa saa chache na ameacha jina kwenye vipuri.

#7 Kizazi cha Juzi

Shikamooni wazee. Mimi nimezaliwa mmeshamaliza utamu wote. Je, MD-80 inahesabika?

Niliipanda nikiwa chuo. Viti viwili kushoto, vitatu kulia. Bila kujua nikachagua safu ya mwisho kabisa, nikakuta dirishani kwangu kuna ukuta wa injini. Si kwamba injini iko karibu, injini NDIYO mandhari. Saa mbili nzima nimetazama rangi nyeupe na misumari. Meno yanatetema. Wakati huohuo rafiki yangu aliyekaa safu ya nne ananiambia kule mbele kulikuwa kimya, alikuwa anasikia upepo tu.

#8 Kiti cha Tatu

Marahaba mwanangu. Inahesabika. Shirika la Delta la Marekani walizipumzisha za mwisho tarehe 2 Juni 2020, kwa hiyo wadogo zako watakuonea wivu. Na umeeleza vizuri kuliko vitabu: injini za mkiani zinahamisha kelele yote kwa maskini wa safu za nyuma.

#9 Mkia T

Hapo kwenye kimya ndipo ninapoingia na Vickers VC10. Injini nne za Conway, mbili mbili kila ubavu wa mkia, na bawa limeachwa safi halina kitu kilichoning'inia. Walilitengeneza hivyo ili linyanyue mzigo kwenye viwanja vya juu na vyenye joto, Nairobi na Johannesburg zikiwa miongoni mwa vilivyowatia Waingereza homa, ambako hewa nyepesi inazikaba injini na kulinyima bawa nguvu. Ndiyo maana BOAC, shirika la Uingereza la safari za mbali, walipoizindua Aprili 1964 walianza na Lagos.

Kuruka kwake kulikuwa tofauti na ndege zote nilizopanda. Jeti za wakati ule ziliondoka kwa kubembeleza. VC10 ilikuwa inaondoka. Unasikia msukumo mgongoni, lakini sauti inabaki nyuma kama ya mtu anayefoka chumba cha pili. Zilitengenezwa 54 tu, jeshi la anga la Uingereza likaendelea nazo kama ndege za kuzijaza nyingine mafuta angani mpaka 2013. Mimi niliipanda nikiwa na miaka 11 na mpaka leo nikiona mkia wa herufi T nageuka.

#10 Kisanduku Cheusi

Mkia T, usije ukawa ulipanda Ilyushin Il-62 mkuu. Nayo injini nne mkiani, mkia wa T, ukiziweka mbalimbali watu wengi wanapigwa chenga.

#11 Mkia T

Nimezipanda zote mbili, usinitishe. Il-62 ikiwa imesimama inashusha kigurudumu chembamba cha nyuma, chini ya mkia, kwa sababu ikiwa tupu na injini zote ziko nyuma inaweza kukaa kitako. Kinapandishwa kabla haijaondoka. VC10 haikuhitaji fimbo ya kutembelea.

Tena kwenye Il-62 niliyopanda mimi meza ya mbele yangu ilikuwa imevunjika, mhudumu akaniangalia kana kwamba nimeivunja mimi. Shirika silitaji.

#12 Bwana Mach

Mbona hamtaji Concorde? Mimi nimeipanda. Tulikuwa abiria kama 300 hivi, nikakaa kiti cha katikati kwenye safu ya watu watatu, dirisha kubwa, dunia naiona ilivyo duara. Baada ya hapo ndege nyingine zote naona baiskeli.

#13 Siti 24A

Bwana Mach, Concorde ilikuwa na viti kama 100, viwili kushoto viwili kulia. Hao 200 wengine walisimama? Na kiti cha katikati ulikaa wapi, kwenye njia?

#14 Pangaboi

Alikaa kwenye mapaja ya mhudumu.

#15 Kisanduku Cheusi

Hahaha, sharti la kwanza la uzi: uwe umeipanda kweli. Dirisha la Concorde lilikuwa dogo kama daftari la mfukoni, kwa makusudi: kwenye kimo cha futi 60,000 dirisha kubwa likipasuka hewa inakwisha kabla hamjashuka.

#16 Siti 24A

Mimi nakiri, sijawahi kuruka nayo. Nimeingia ndani ya ile iliyowekwa juu ya paa la makumbusho ya Sinsheim, Ujerumani, jirani yake Tu-144 ya Warusi. Zote mbili zimeinua pua kama zinataka kuondoka, unapanda ndani kwa miguu na sakafu imeinama, inachosha kweli. Nilichoshangaa ni udogo. Ukiisoma unafikiri ni jumba, ukiingia unainamisha kichwa. Nikaweka kiganja dirishani, kikaziba karibu lote. Waliosafiri nayo wanasema kioo kilikuwa cha moto ukikigusa, kwa sababu ya hewa kusugua mwili kwa mwendo wa mara mbili ya sauti.

#17 Kiti cha Tatu

Ni kweli, na mwili wenyewe ulikuwa unarefuka kwa joto, zaidi ya sentimita 10. Pale kwa mwenzangu wa kiti cha tatu palikuwa panafunguka ufa kati ya jopo lake na ukuta, mkono unaingia. Zilipokuwa zinastaafishwa mwaka 2003 kuna injinia aliyepachika kofia yake kwenye ufa huo wakiwa angani. Ndege ikapoa, ufa ukajifunga, kofia ikabaki imebanwa. Wale wa kwetu tulioondoka bila hata kofia tulimwonea gere.

#18 Bwana Mach

Basi labda ilikuwa 747. Nilikuwa mdogo.

#19 Injini ya Kati

Tumsamehe, tusonge. Nani yuko upande wangu kwamba Lockheed TriStar ndiyo ndege bora ya injini tatu iliyowahi kutengenezwa? DC-10 iliiwahi kuruka kwa miezi miwili na kitu, Agosti dhidi ya Novemba 1970, ikauzwa zaidi, 446 kwa 250, lakini uzuri haupimwi kwa mauzo.

Ziangalieni mkiani. DC-10 injini ya kati imetobolewa katikati ya mkia, hewa inaingia mbele inatoka nyuma moja kwa moja, kama pipa lililochomekwa. TriStar wameishusha chini mwisho wa mwili, hewa inaingilia juu na kuteremka kwa bomba lenye umbo la S. Kazi zaidi, mkia nadhifu zaidi. Na mlio wa injini zake, Rolls-Royce RB211, wakati wa kuruka! Unaanza kama nyuki wengi ndani ya mtungi, unapanda, halafu msumeno. Injini hiyohiyo ndiyo iliyowafilisi Rolls-Royce Februari 1971 hadi serikali ya Uingereza ikaichukua kampuni. Ukiisikia unaelewa fedha zilikwenda wapi.

Jambo ambalo aliye chini halijui: jiko lilikuwa chini ya sakafu. Kuna lifti mbili ndogo. Mhudumu anaingia kwenye kabati, anafunga mlango, anazama. Mdogo wangu alikesha akingoja yule dada aibuke tena, akaibuka mwingine. Alilia.

#20 Mkia T

DC-10 msiidharau mbele yangu. Najua habari ya mlango wa mizigo na watu 346 waliokufa karibu na Paris mwaka 1974, sisahau na haifai kusahaulika. Lakini Februari 2014 Biman, shirika la Bangladesh, walipoistaafisha walifanya mizunguko ya kuaga pale Birmingham na mimi nikanunua kiti. Ndege nzima imejaa watu wazima wenye kamera na vinasa sauti. Rubani alipoongeza nguvu hakuna aliyeongea. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa amefumba macho, kichwa amekiegemeza ukutani, anasikiliza ile injini ya nyuma. Tulipotua tu akasema "ndiyo," hakusema lingine.

#21 Kizazi cha Juzi

Ndiyo maana napenda uzi huu. Na 747 ya zamani, ile ya ngazi ya kuzunguka, hakuna aliyeipanda?

#22 Pangaboi

Nilipanda ngazi hiyo mara moja kwa kuiba. Nilikuwa daraja la nyuma huko. Nikafika juu nikaona watu wanne wamejinyoosha kwenye makochi kama wako sebuleni, mmoja akanishushia gazeti akanitazama, nikashuka. Sekunde kumi hivi. Ndiyo 747 yangu.

#23 Bawa la Kushoto

Samahanini wakuu, nilikuwa mbali na mtandao. Mzee Kiti cha Tatu, swali lako limeninyima raha siku mbili. Nimejaribu kuikumbuka ngazi ya mkiani, haipo. Tulishukia ubavuni, mbele, nakumbuka kwa sababu baba alinibeba na nikagonga kichwa mlangoni.

Lakini injini tatu mkiani nina hakika nazo. Niliziona tukiwa kwenye basi la uwanja.

#24 Kiti cha Tatu

Ngazi kutotumika si ushahidi, ningeliacha hapo. Yaliyobaki ndiyo yananikereketa. Nimeyapanga.

La kwanza, viti vinavyotazamana na wewe ukiwa umeupa mgongo mwelekeo wa safari. Kwenye 727 nilizofanyia kazi mimi sikuviona.

La pili, ilikimbia mpaka ukauliza kama mnakwenda kwa barabara. 727 ilikuwa na injini zilezile za JT8D zilizokuwa kwenye DC-9 na 737 za mwanzo, tatu kati ya hizo, na flapu nilizowaeleza. Haikuwa na kigugumizi.

La tatu, na hapa ndipo nilipoweka kikombe chini. Unasema mngurumo wa breki ulikuja mkiwa bado juu. Ule ni msukumo wa kinyume: injini zinageuziwa pumzi ielekee mbele. Ndege karibu zote za abiria hairuhusiwi kuugusa mpaka magurudumu yawe chini. Kwenye 727 ungevuta kishikio kile angani, leseni yako ingetua kabla yako. Zilizoruhusiwa ninazozijua mimi ni DC-8, Concorde na moja nyingine. DC-8 ina injini nne chini ya mabawa. Concorde tumeshamalizana nayo na Bwana Mach.

Naomba ile picha. Mkia unaonekana?

#25 Bawa la Kushoto

Hauonekani mzee. Ni mimi, pua ya ndege juu yangu, na mguu wa gurudumu la mbele. Kusema kweli picha imepigwa vibaya, baba alisimama upande, gurudumu limekaa kombo.

#26 Kiti cha Tatu

Limekaa kombo namna gani? Angalia madirisha ya marubani kwanza. Kama yanaonekana sawasawa kushoto na kulia basi baba yako alisimama katikati kabisa. Halafu shuka moja kwa moja kutoka katikati ya madirisha hadi chini, uniambie kama unakutana na gurudumu.

#27 Siti 24A

Hapa silali.

#28 Bawa la Kushoto

Nimeichukua rula.

Madirisha yako sawa pande zote. Katikati ya pua inateremka kwenye lami tupu. Gurudumu liko pembeni, upande wa kushoto wa ndege, kama nusu mita na zaidi kidogo. Mlango wake nao uko upande huo. Miaka yote nilidhani picha ndiyo mbovu.

#29 Kiti cha Tatu

Mpigapicha alikuwa hodari. Ulipanda Hawker Siddeley Trident, mwanangu.

Gurudumu la mbele la Trident lilipachikwa kando, kama sentimita 60 kushoto ya mstari wa katikati, na lilikunjwa kwa ubavu. Ukiwa umelikunja hivyo linachukua nafasi ndogo, na hapo chini ya marubani walipahitaji kwa masanduku ya mitambo. Mitambo hiyo ndiyo sifa yake kubwa: tarehe 10 Juni 1965 Trident iliyokuwa na abiria wa kawaida ilitua Heathrow yenyewe, mitambo ndiyo iliyoiweka chini, mara ya kwanza kwa safari ya abiria. Waliitaka kwa sababu ukungu wa London ulikuwa unawafungia kazi.

Kukimbia bila kuinuka nako ni kwake. Marubani waliitania Gripper, yaani king'ang'anizi, kwa jinsi isivyotaka kuiachia ardhi. Toleo la Trident 3 liliongezewa hadi injini ndogo ya nne mkiani, ya kusaidia kuruka tu. Viti vya kutazama nyuma BEA, shirika la Uingereza la safari za Ulaya, walivipenda, British Airways wakavirithi. Na kushuka kama ndoo kisimani ndiko walikokuwa wanakufanya kwa ule msukumo wa kinyume pale wanapotakiwa kupoteza kimo haraka. Mwaka 1978 zilikuwa bado kazini, British Airways walizistaafisha mwisho wa 1985.

Hata mimi nisingeweza kuifanyia kazi. Kiti cha tatu cha Trident alikaa rubani wa tatu, injinia hakuhitajika. Sikuipenda kwa hilo.

#30 Mkia T

Trident! Zilitengenezwa 117 tu, 727 ni 1,832. Zilianza kuchorwa karibu wakati mmoja, zikafanana kama pacha, Waingereza wakaipunguza yao ili imtoshe mteja mmoja, BEA, na mteja alipogundua kaipunguza mno dunia nzima ilishanunua kwa Boeing. Umepanda kitu adimu kuliko ulichokuwa unajidai nacho.

#31 Pangaboi

Kwa hiyo Bawa la Kushoto, zaidi ya miaka arobaini umekuwa ukitudanganya kama Bwana Mach.

#32 Bwana Mach

Karibu ndugu yangu, kaa hapa.

#33 Kisanduku Cheusi

Tukiwa hapo hapo: kuna mtu ana kumbukumbu ya madirisha ya pembetatu? Mjomba wangu anaapa alikaa kwenye ndege yenye madirisha ya pembetatu na mimi nimekuwa nikimcheka.

#34 Mkia T

Mwombe radhi mjomba wako leo hii. Hiyo ni Caravelle ya Wafaransa, iliruka mara ya kwanza Mei 1955. Pembetatu zenye kona za mviringo. Na pua yake waliiazima kwa Comet ya Waingereza.

#35 Bawa la Kushoto

Wakuu, nimempigia dada simu kumpa habari. Nikamwambia, ile haikuwa 727, ilikuwa Trident, ndege inayoruhusiwa kupiga msukumo wa kinyume angani, unakumbuka ilivyozama? Akanyamaza kidogo. Akaniuliza kama ninamaanisha safari ile niliyolia tangu injini zilipobadilika mpaka nikatapika kwenye koti la baba.

Nikamwambia hapana, baba alikuwa anacheka.

Akasema alikuwa anacheka kwa sababu mama alimwonya tangu chini asivae lile koti.

#36 Kiti cha Tatu

Usione haya. Ule mtikisiko ulikuwa unawatapisha hata watu wazima, nao walikuwa wanatazama mbele.